Jinsi ya Kutengeneza Laini ya Seli za Umio Zisizokoma Kugawanyika kwa Ajili ya Utafiti wa Saratani

Seli ya kawaida ya epithelia, yaani tabaka linalofunika viungo, inapotolewa mwilini na kuwekwa katika sahani ya maabara hugawanyika kwa majuma machache, kisha hupunguza mwendo, hutanuka, na hatimaye hukoma. Mtafiti anayetaka kujua jinsi saratani inavyoanza hukwama hapo. Seli za uvimbe zisizokufa anazo, lakini hizo tayari zimebeba mabadiliko mengi ya kijeni ambayo ni vigumu kujua lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Seli za kawaida, ambazo ndizo zingemwonyesha mwanzo wenyewe, hazidumu hadi jaribio likamilike. Ndiyo maana hutengenezwa laini za seli zisizokoma kugawanyika. Kuzifanya seli zisife ni rahisi kuliko watu wengi wanavyodhani. Kilicho kigumu ni kuzifanya zisife zikiwa bado zinafanana na seli za kawaida, na maamuzi karibu yote yanayofuata yanategemea jambo hilo.

Mwongozo huu unatumia epithelia ya umio kama mfano. Saratani ya seli bapa za umio imeenea katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukipita Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini, na visababishi vyake bado vinachunguzwa: vinywaji vya moto sana, ambavyo mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka katika kundi la vile vinavyoelekea kusababisha saratani vinapozidi nyuzi 65 za Selsiasi, moshi wa kuni jikoni, pombe, tumbaku na upungufu wa virutubisho. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kujaribiwa juu ya seli za umio zenye afya, ilimradi ziwepo. Mtafiti wa matiti, tezi dume au mapafu atakuta hatua nyingi ni hizi hizi, na kwake kitakachobadilika zaidi ni chakula cha seli.

Vizuizi viwili vya kuvuka

Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, wakiwa katika taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, walionyesha kwamba fibroblasti za binadamu, yaani seli za tishu unganishi, hugawanyika mara 50 hivi kisha hukoma, hata zikilishwa vizuri namna gani. Seli za epithelia kwa kawaida hukoma mapema zaidi, kwa kuwa zina vizuizi viwili vinavyofuatana.

Cha kwanza ni protini ya p16. Seli zinapokaa kwenye plastiki, p16 hujikusanya ndani yake, huvizuia vimeng'enya CDK4 na CDK6, na kwa njia hiyo huiacha protini ya Rb ikiendelea kuufunga mgawanyiko. Cha pili ni telomea, yaani ncha za kromosomu, ambazo hupungua kwa jozi za besi 50 hadi 200 hivi kila seli inapogawanyika, mpaka zinakuwa fupi kiasi kwamba seli huzisoma kama DNA iliyokatika. Seli iliyokwepa kizuizi cha kwanza bila kurekebisha telomea zake huendelea kugawanyika kwa muda, kisha huingia katika kipindi cha maangamizi ambapo kromosomu huungana ncha kwa ncha na seli nyingi hufa. Chache zinazosalia huwa zimevurugika sana.

Mwaka 1998 ilidhihirika kwamba jeni ya hTERT, inayotengeneza sehemu tendaji ya telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha telomea, inatosha kuziendeleza fibroblasti bila kikomo. Mwaka huo huo kikundi cha Tohru Kiyono na Aloysius Klingelhutz kilionyesha kuwa kwa seli za ngozi na za matiti hTERT peke yake haikutosha: ilihitajika pia njia ya p16 na Rb iondolewe. Baadaye picha ilibadilika kidogo. Seli zilipolelewa katika mazingira bora, kwa mfano juu ya tabaka la fibroblasti za panya, kizuizi cha kwanza kilichelewa au hakikutokea, na mwaka 2003 seli za umio za binadamu ziliendelezwa kwa hTERT bila p16 kuzimwa. Sehemu ya kile tunachokiita uzee wa seli, basi, ni adha ya malezi mabaya. Maabara inayotumia jeni nyingi kuvuka kizuizi ambacho ingekivuka kwa chakula bora inaharibu mali yake yenyewe.

Kuchagua njia

Njia ya zamani ni protini za virusi. Antijeni kubwa ya T ya virusi vya SV40 huikamata Rb pamoja na p53, protini inayozuia seli zenye DNA iliyoharibika kugawanyika, na ndiyo iliyotumika kutengeneza laini ya umio iitwayo Het-1A. Protini za E6 na E7 za virusi vya papiloma aina ya 16 au 18 hufanya kazi inayofanana: E6 huipeleka p53 ivunjwe na pia huamsha telomerasi, ilhali E7 huiondoa Rb. Njia hii ni ya haraka na hufaulu mara nyingi. Kwa umio, hata hivyo, ina kasoro kubwa, kwa sababu TP53, jeni ya p53, ndiyo inayobadilika mara nyingi kuliko zote katika saratani ya seli bapa za umio. Mtafiti aliyeanza na seli ambazo p53 yake imeshavunjwa hawezi tena kuuliza mabadiliko hayo yanafanya nini, maana swali lenyewe ameshalila.

Kuna pia laini zilizojitokeza zenyewe, kama HaCaT ya ngozi iliyotangazwa mwaka 1988 huko Heidelberg, au MCF10A ya titi iliyotangazwa mwaka 1990 huko Michigan. Zimesaidia sana, lakini mara nyingi huitwa seli za kawaida kuliko zinavyostahili: HaCaT ina mabadiliko katika TP53, na MCF10A imepoteza eneo la CDKN2A linalobeba p16. Laini ya namna hii haiwezi kupangiwa ratiba. Huja au haiji.

Njia ninayoipendekeza ni hTERT peke yake kwanza, katika malezi mazuri. Ikishindikana, iongezwe jeni ya CDK4 au ya mwenza wake saiklini D1, ambazo hukwepa p16 bila kuigusa p53. Mchanganyiko wa CDK4 na hTERT ndio uliotumika Dallas kutengeneza laini za mirija ya mapafu zinazojulikana kama HBEC, zilizotangazwa mwaka 2004, na saiklini D1 ina mantiki ya ziada kwa umio kwa kuwa jeni yake huongezeka nakala katika saratani nyingi za huko. Virusi vya papiloma na SV40 vibaki chaguo la mwisho, kwa maswali ambayo p53 na Rb hazihusiki.

Ridhaa, vibali na sampuli

Seli za Henrietta Lacks zilichukuliwa katika hospitali ya Johns Hopkins mwaka 1951 bila ridhaa yake, zikaenea duniani kote kwa jina la HeLa, na familia yake ikaja kujua miaka mingi baadaye. Fomu ya ridhaa ya leo lazima iseme waziwazi, kwa Kiswahili au lugha nyingine anayoielewa mtoaji, kwamba seli zake zinaweza kuishi kwa muda usio na kikomo, kwamba zitabadilishwa jeni, kwamba zinaweza kupelekwa kwa watafiti wa nchi nyingine, kwamba mfuatano wa DNA yake unaweza kusomwa, kwamba zinaweza kuzaa faida ya kibiashara na utaratibu gani utafuatwa, na kwamba baada ya kusambazwa haziwezi kurudishwa zote hata akibadili mawazo. Mtu aliyelala kwenye kitanda cha endoskopi akisubiri kuingizwa mpira hayuko katika hali ya kusoma hayo. Ridhaa iombwe siku iliyotangulia, au angalau kabla hajapewa dawa ya kumtuliza.

Vibali huchukua muda mrefu kuliko kazi ya wiki za mwanzo. Mbali na kamati ya maadili ya taasisi, nchini Kenya kuna NACOSTI kwa idhini ya utafiti na mamlaka ya taifa ya usalama wa kibiolojia kwa kazi ya kubadilisha jeni. Tanzania kuna NIMR, na Uganda kuna UNCST. Sampuli ikivuka mpaka, uwepo mkataba wa kuhamisha sampuli uliosainiwa kabla haijaondoka, unaotaja nani ana haki juu ya laini itakayotokea. Suala hilo likiachwa hadi laini iwepo, huwa limeshachelewa.

Mtoaji bora ni mtu anayepimwa kwa sababu nyingine, kama maumivu ya tumbo, na ambaye umio wake hauna uvimbe. Ikibidi kuchukua kwa mgonjwa wa saratani, kipande kitoke sentimita kadhaa mbali na uvimbe, na kipande jirani kipelekwe kwa mwanapatholojia, kwa sababu epithelia inayozunguka saratani mara nyingi nayo imeshaanza kubadilika. Vipimo vya VVU na vya homa ya ini aina ya B na C vifanyike. Kisha jambo ambalo maabara nyingi hulisahau: siku hiyo hiyo ihifadhiwe DNA ya mtoaji kutoka kwenye damu au kipande cha tishu, maana hiyo ndiyo itakayothibitisha baadaye kwamba laini iliyopatikana ni yake kweli. Mirija yote ibebe namba ya siri, isibebe jina.

Kutenga seli na kuzilea

Vipande vya endoskopi, vyenye milimita 2 au 3 hivi, viwekwe mara moja katika chakula cha seli kilichopozwa, chenye penisilini uniti 100 na streptomaisini mikrogramu 100 kwa mililita, pamoja na amfoterisini B dhidi ya kuvu. Umio haukuwa safi hata ukiwa mwilini, hivyo dawa ya kuvu si anasa. Sampuli isafirishwe juu ya barafu bila kugandishwa, na ifanyiwe kazi siku ile ile au ndani ya saa 24.

Ndani ya kabati la usalama wa kibiolojia, vioshwe mara kadhaa kwa maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti, kisha viwekwe katika dispesi, kimeng'enya kinachotenganisha matabaka, usiku kucha kwa nyuzi 4. Asubuhi epithelia huachia tishu ya chini yake na kubanduka kama ngozi nyembamba inayoshikika kwa koleo. Tabaka la chini, lenye fibroblasti, litupwe. Utando huo ukatwekatwe, uwekwe katika tripsini kwa dakika 10 hivi kwa nyuzi 37, na tripsini isimamishwe kwa kizuizi kinachotokana na soya. Maabara nyingi zimezoea kuisimamisha tripsini kwa seramu, na hapo ndipo mambo huharibika: seramu ina kalisi nyingi na kipengele cha TGF-beta, ambavyo huziambia seli hizi zikomae na kuacha kugawanyika. Mchanganyiko upitishwe katika chujio la mikromita 40 hadi 70, uzungushwe taratibu katika sentrifyuji, na seli zipandwe.

Chakula kinachofaa ni kile cha keratinositi (seli za epithelia bapa kama hizi) kisicho na seramu, chenye kalisi ya milimola 0.09 kwa lita, kikiongezwa dondoo la tezi ya pituitari ya ng'ombe mikrogramu 50 kwa mililita na kichocheo cha EGF nanogramu 1 kwa mililita. Kibadilishwe kila baada ya siku mbili, katika inkubeta ya nyuzi 37 yenye kaboni dayoksaidi asilimia 5. Siku za kwanza huonekana takataka nyingi na seli chache zilizoshika chini. Hakuna haja ya kukata tamaa hadi wiki ya pili. Seli njema ni ndogo, zenye pande nyingi, zilizokaa karibu karibu, na mpaka kati yake hung'aa chini ya hadubini. Zile ndefu zilizochongoka zinazopita katikati ni fibroblasti, na kwa kuwa huachia plastiki mapema tripsini inapowekwa, zinaweza kuondolewa kwa kumwaga kile kinachoachia katika dakika moja au mbili za kwanza.

Seli zisiachwe zijaze sahani. Zikifika asilimia 60 au 70 ya eneo zihamishwe, kwani msongamano wenyewe huzikomaza. Na kabla ya kuingiza jeni lolote, zigandishwe chupa nyingi iwezekanavyo za seli za vizazi vya mwanzo kabisa. Hizo ndizo zitakazolinganishwa na laini baada ya mwaka mmoja, na hakuna namna ya kuzipata upya.

Sampuli ikiwa ndogo mno, kuna msaada. Tangu mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green walionyesha kwamba seli za ngozi hustawi juu ya fibroblasti za panya aina ya 3T3 zilizozuiwa kugawanyika, na mwaka 2012 kikundi cha Georgetown, mjini Washington, kiliunganisha tabaka hilo na kizuizi cha kimeng'enya cha ROCK kiitwacho Y-27632, kwa kawaida mikromola 10, kikapata seli zinazoongezeka kwa muda mrefu sana. Hali hiyo hurudi nyuma kizuizi kikiondolewa, kwa hiyo itumike kuzidisha seli kabla ya kuingiza hTERT, wala isihesabiwe kuwa ndiyo laini.

Kuingiza jeni

Jeni ya hTERT huingizwa kwa virusi vya retro au lentivirusi vilivyoondolewa uwezo wa kuzaliana. Plasmidi, yaani viduara vya DNA vinavyobeba jeni, husukumwa ndani ya seli za HEK293T zinazotengeneza virusi, na virusi hukusanywa kutoka kwenye kimiminika chake baada ya saa 48 na 72, kisha huchujwa kwa chujio la mikromita 0.45. Seli za HEK293T hulishwa seramu, hivyo kimiminika hicho kina kile kile kilichokwepwa wakati wa tripsini. Ama virusi vikolezwe na kuwekwa katika chakula kisicho na seramu, ama seli za umio ziachwe nacho kwa saa chache tu kisha zioshwe. Polibrini, inayosaidia virusi kuingia katika seli, itumike kwa mikrogramu 4 hadi 8 kwa mililita, lakini kiwango kijaribiwe kwanza, kwa kuwa si kila epithelia huivumilia.

Kishawishi ni kutumia virusi vingi ili seli nyingi zipate jeni. Kinachofaa ni vichache. Wastani wa virusi 0.3 kwa kila seli huambukiza takriban asilimia 26 tu, lakini kati ya hizo zilizoambukizwa kama asilimia 86 hupata nakala moja pekee. Kila nakala hujipachika mahali pasipochaguliwa katika DNA na inaweza kuvunja jeni nyingine. Nakala tano katika seli moja ni mashaka matano yasiyo ya lazima. Baada ya siku mbili seli zichujwe kwa dawa inayolingana na plasmidi. Puromaisini kwa kawaida huhitaji mikrogramu 0.5 hadi 2 kwa mililita, na kipimo halisi hupatikana kwa kuijaribu juu ya seli zisizoambukizwa za mtoaji huyo huyo, kuona ni kiwango gani cha chini kinachoziua zote ndani ya siku tatu.

Pawepo vikundi vitatu tangu mwanzo: seli zilizopata hTERT, seli zilizopata virusi vilivyobeba plasmidi tupu, na seli zisizoguswa. Vyote vilelewe sambamba hadi viwili vya mwisho vikome vyenyewe. Bila hivyo hakuna anayeweza kusema kwamba hTERT ndiyo iliyofanya kazi. Seli zilizopata jeni zibaki kama kundi zima, kwani kuchagua seli moja na kuizalisha mapema ni kuchagua kile ambacho seli hiyo imekipoteza kwa bahati mbaya.

Usalama wa hatua hii ni wa daraja la pili. Virusi hivi vinaweza kuingia katika seli za binadamu na vimebeba jeni inayohusiana na saratani, kwa hiyo sindano na vioo visitumike pale ambapo plastiki inatosha, glavu ziwe mbili, na mabaki yote yaachwe katika dawa ya klorini kwa nusu saa kabla ya kumwagwa. Kanuni nyingine haina mjadala: mfanyakazi asitengeneze laini kutokana na seli zake mwenyewe, maana zikimwingia kwa ajali, kinga yake haitazitambua kuwa ni ngeni.

Kuhesabu, na kusubiri

Idadi ya mara ambazo sahani imehamishwa haisemi mengi, kwa sababu kila mtu hugawa seli kwa uwiano wake. Kinachohesabiwa ni mara ambazo kundi limejirudufu. Kila zinapovunwa, chukua logi (ya msingi wa 10) ya idadi iliyovunwa, toa logi ya idadi iliyopandwa, zidisha kwa 3.32. Zikipandwa seli 200,000 na kuvunwa 1,600,000, zimejirudufu mara 3. Jumla yake ichorwe dhidi ya siku.

Mchoro huo ndio shahidi mkuu. Laini inayopanda kwa mteremko ule ule tangu kupewa hTERT imepita bila msukosuko. Laini iliyolala kwa wiki sita kisha ikapanda ghafla ina historia nyingine: seli nyingi zilikoma, zikawa pana na bapa, na chache zilizobadilika zikachukua nafasi, mara nyingi kilichopotea ni p16. Bado inaweza kutumika, lakini isiandikwe kuwa ni ya hTERT peke yake. Katika kipindi hicho inafaa kupima kimeng'enya cha beta-galaktosidesi kwa pH 6.0, ambacho huzipaka rangi ya buluu seli zilizozeeka.

Kiwango kinachokubalika na wengi ni kupita mara 100 huku kikundi cha ulinganisho kikiwa kimeshakoma. Seli zinazojirudufu mara 3 kwa wiki huchukua zaidi ya wiki 33 kufika hapo, karibu miezi minane bila kupumzika Jumapili wala sikukuu. Ombi la fedha lisilotaja hilo, pamoja na jenereta ya inkubeta umeme unapokatika, limeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hii.

Kuthibitisha kilichopatikana

Telomerasi hupimwa kwa kipimo cha TRAP, na urefu wa telomea hupimwa kando. Njia ya p53 ijaribiwe ikiwa hai: seli zipewe Nutlin-3 au kiwango kidogo cha doksorubisini, kisha itazamwe kama p53 inaongezeka na p21, protini ya breki inayoamshwa nayo, inapanda nyuma yake. Mfuatano wa TP53 na CDKN2A usomwe pia. Kromosomu zihesabiwe mapema, na tena baada ya kila miezi michache. Kuongezeka kwa kromosomu ya 20 au sehemu yake kumeonekana katika laini kadhaa za epithelia zilizoendelezwa, na ni vyema kulijua kabla mhakiki wa makala hajaliuliza.

Halafu ijulikane kama seli bado ni za umio. Zikiwa katika kalisi ndogo zinapaswa kuonyesha keratini 5 na 14 pamoja na p63, alama za tabaka la chini. Kalisi ikipandishwa, zikomae na kuonyesha keratini 4 na 13 pamoja na involukrini. Kipimo kikali zaidi, ambacho mimi nakiamini kuliko vyote, ni kuzipanda juu ya jeli ya kolajeni yenye fibroblasti, kuziinua ziguse hewa juu na chakula chini, na baada ya wiki mbili hivi kuzikata na kuzitazama: laini njema hujenga epithelia yenye tabaka, seli ndogo chini na bapa juu, karibu kama umio wenyewe. Laini iliyopoteza asili yake hujenga rundo. Mwisho, zisiote katika agari laini, jeli ambamo seli za kawaida hazioti, wala kutoa uvimbe kwa panya wasio na kinga. Zikiota, safari imevuka mpaka uliokusudiwa. Wengi hutumia HeLa kama mfano wa seli zinazoota katika agari. Mimi ningechagua nyingine, au ningeifanyia kazi siku tofauti na kwa chupa tofauti ya chakula.

Tahadhari hiyo ina sababu. Tangu miaka ya 1960 imejulikana kwamba HeLa ilivamia laini nyingi zilizodhaniwa kuwa za viungo vingine, na umio haukusalimika kwa makosa ya namna hiyo: mwaka 2010 ilithibitishwa kwamba laini tatu zilizotumika sana kama adenokasinoma ya umio zilitoka kwingine, SEG-1 ikiwa ni saratani ya mapafu, BIC-1 ya utumbo mpana, na SK-GT-5 ya tumbo. Zilikuwa zimeshatumika katika makala zaidi ya 100. Kinga yake ni alama za STR, yaani vipande vya DNA vinavyojirudia na kumtambulisha mtu, zikilinganishwa na DNA ya mtoaji iliyohifadhiwa siku ya kwanza: siku laini inapopatikana, kila benki mpya inapogandishwa, na kabla ya kuchapisha. Profaili mbili zikifanana kwa asilimia 80 au zaidi huhesabiwa kuwa za asili moja, ingawa kwa laini changa na DNA ya mtoaji wake mtu atarajie kufanana karibu kote. Maabara isiyo na mashine ya kusoma alama hizo itafute ya uchunguzi wa kisheria au ya kuthibitisha mzazi wa mtoto, kwani hutumia aina hiyo hiyo ya kipimo.

Mikoplazma ipimwe kila mwezi kwa PCR. Haitii ukungu kwenye chakula, haionekani kwa hadubini ya kawaida, hupenya chujio la mikromita 0.2, na penisilini haiiwezi kwa sababu haina ukuta wa seli. Laini mpya ikipatikana nayo, itupwe na kuanzwa upya kutoka chupa safi ya mwanzo. Kuitibu ni kazi ndefu yenye matokeo ya mashaka.

Kuhifadhi na kuanza kutumia

Seli milioni 1 au 2 kwa kila kijichupa, katika kimiminika chenye asilimia 10 ya DMSO, inayozikinga dhidi ya barafu, zipozwe kwa nyuzi moja kwa dakika hadi nyuzi 80 chini ya sifuri, na kesho yake zihamishiwe kwenye nitrojeni kimiminika. Ziwepo benki mbili: ya asili, isiyoguswa isipokuwa kutengeneza nyingine, na ya kazi. Sehemu ya benki ya asili ihifadhiwe katika taasisi nyingine, kwani pipa moja la nitrojeni likikosa kujazwa kwa sababu gari la msambazaji limechelewa, miezi minane inapotea kwa siku mbili. Kijichupa kimoja kiyeyushwe ndani ya wiki ya kwanza kuona kama seli zinaamka.

Kazi ya kweli ikianza, mabadiliko yaongezwe moja moja. Kikundi cha Philadelphia kilichotengeneza laini ya umio ya EPC2-hTERT kilifanya hivyo: kiliongeza EGFR, kipokezi cha EGF, kikaongeza p53 yenye badiliko la R175H, na mwaka 2007 kikaonyesha kwamba vyote pamoja viliweza kuzigeuza seli zile kuwa uvimbe unaopenya, huku kimoja kimoja kikiwa na athari yake inayotambulika. Anayetaka kuchunguza benzopireni, kemikali ya moshi, au joto la chai anaweza kufuata ngazi hiyo hiyo, akiwa na laini mama isiyoguswa kando ya kila ngazi na yenye idadi ile ile ya kujirudufu. Jaribio lolote lianze na kijichupa kipya cha benki ya kazi, na seli zikishahamishwa mara 20 zitupwe na kuyeyushwa nyingine, hata kama bado zinaonekana nzuri.